Mvua ya Ghorofa ya Tatu

Wasomaji wema, mkiitafuta Shwarini kwenye ramani hamtaiona. Wenyewe husema nchi yenye amani kiasi kile haina haja ya kujitangaza, na sisi tunawaamini. Ni nchi nzuri. Mashimo ya barabarani yamepewa majina ya mashujaa, na serikali hutimiza kila neno inalolitamka. Hili la pili ndilo lililozaa kisa hiki.

Nchi nyingine viongozi husema wasitende. Shwarini wana Idara ya Utekelezaji wa Kauli, yenye wafanyakazi mia nne na malori yao wenyewe. Kazi yake ni kuchukua alichosema Waziri bungeni na kukitekeleza kama kilivyo, bila kuuliza. Mwaka ule Waziri wa Kilimo aliposema kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, mabwana shamba wote walihamishiwa hospitali ya mifupa, na hadi leo wako huko, wodi namba sita, wanagawa mbegu za mahindi katikati ya vitanda.

Basi siku moja mbunge mmoja, mama wa watu asiyejua kunyamaza, alisimama akauliza swali. Alitaka kujua imekuwaje wanawake mia tisa waliripoti polisi kwamba wamebakwa, na waliofungwa ni wawili tu, tena mmoja wao kwa kosa la kuiba kuku. Spika alimwomba alifute lile neno kwa kuwa kulikuwa na wageni. Ndipo alipoinuka Mheshimiwa Gervasi Tundwe, Waziri wa Maadili, Utulivu na Lugha Nzuri, akafuta miwani yake taratibu.

"Mheshimiwa Spika, tusikuze mambo," alisema. "Mambo haya ni kama mvua. Yalikuwepo kabla yetu na yatakuwepo baada yetu. Mvua ikinyesha, mwenye busara hukaa ndani, au hubeba mwavuli. Nani humu ndani amewahi kulishitaki wingu?"

Wabunge walipiga meza kwa dakika kumi na moja. Jumatatu asubuhi malori matatu yalisimama mbele ya Idara ya Hali ya Hewa, yakashusha majalada yote mia tisa kutoka polisi, na sajini aliyeyasindikiza akaomba asainiwe kwamba mvua imepokelewa.

*

Aliyesaini alikuwa Bi Mwajabu Ngwale, Mpimaji Mkuu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyejua mzaha na kalamu. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akisoma vipimo kila baada ya saa tatu na kuviandika katika kitabu kikubwa chenye jalada la turubai. Aliyemfundisha kazi alimwambia aandike alichokiona, si alichokitamani, na aandike kwa wino. Akikosea, apige mstari mmoja tu juu ya kosa, ili atakayekuja kesho aone lilikuwa kosa gani. Kufuta, katika kazi ile, ni haramu kama nguruwe. Na kila siku saa saba mchana aliisoma mwenyewe taarifa ya hali ya hewa katika redio ya taifa, kwa sauti ile ile, iwe kiangazi au gharika.

Mkurugenzi wake, Bwana Hamza Chuli, alikuwa mtu aliyepanda cheo kwa kutokuwepo kila palipotokea jambo. Siku hiyo kwa bahati mbaya alikuwepo. Alimletea Bi Mwajabu bunda la fomu mpya kutoka Wizarani, zimeandikwa juu: FOMU YA MVUA BINAFSI. Ulikuwa wapi mvua ilipokukuta, na ulifuata nini huko? Ulikuwa na mwavuli? Kama ulikuwa nao, kwa nini hukuufungua mapema? Ulilitazama wingu, na kama ndiyo, kwa jicho gani? Chini kulikuwa na viwango vya kutia alama: manyunyu, rasharasha, mvua ya wastani. Hapakuwa na kiwango cha juu zaidi, maana Wizara ilikwisha amua kwamba mvua kubwa hainyeshi Shwarini.

Bi Mwajabu aliisoma mara mbili. Akauliza chanzo kinaandikwa wapi.

Bwana Hamza alisema chanzo hakiulizwi. Bi Mwajabu akamjibu kwamba kazi hii anaifanya tangu Hamza anasoma darasa la pili, na hajaona mvua iliyonyesha bila wingu. Akazichukua zile fomu, akazipanga vizuri chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba, akafungua kitabu chake cha turubai.

*

Wa kwanza kuja kwa miguu yake alikuwa Sihaba, binti wa miaka ishirini na minne, karani wa masijala katika Wizara ile ile ya Maadili. Aliingia akasimama mlangoni kama mtu anayeogopa kuambiwa amepotea njia.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa nije hapa. Sijui kama ni hapa."

"Marahaba mwanangu. Ni hapa. Hata mimi nashangaa, lakini ni hapa. Kaa."

Sihaba alikuwa amekwisha eleza habari zake mara tatu. Polisi walimwambia arudi akiwa ametulia. Aliporudi ametulia, wakamwambia mbona ametulia. Mjumbe wa mtaa alimshauri asimharibie mtu mzima jina. Kamati ya nidhamu ya Wizara ilimsikiliza kwa makini sana, hasa mwenyekiti wake, Katibu Mkuu Bwana Kasiano Mbelwa, na mwenyekiti ndiye aliyekuwa analalamikiwa. Kamati iliamua kwamba kulitokea kupishana kwa hisia. Bwana Mbelwa alijisamehe.

"Sitaki kitu kikubwa, mama," Sihaba alisema. "Nataka jina lake liandikwe mahali ambapo hawawezi kulifuta. Maana kila ninapokwenda wanaandika langu tu."

Bi Mwajabu alichovya kalamu katika wino. Aliuliza tarehe, saa na mahali, kama anavyouliza vipimo vyote. Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, baada ya chai. Ghorofa ya tatu, chumba namba kumi na mbili. Sihaba alikuwa amepeleka jalada lisainiwe.

"Nini kilitokea?"

Binti alitazama sakafu. Wizara ilikuwa imewapa wananchi maneno mengi mazuri ya kuchagua: kupitiwa, utani wa kikazi, usumbufu mdogo, mambo ya vijana. Bwana Mbelwa alikuwa na miaka hamsini na tisa.

"Alinibaka," Sihaba alisema.

Bi Mwajabu aliliandika lile neno herufi kwa herufi. Aliikandamiza kalamu hadi alama ikatokea ukurasa wa pili, jambo ambalo halikutokea hata mwaka wa kimbunga kilipoondoka na paa la ofisi yeye akiwa chini yake anasoma kipimo cha upepo. Alikuwa na hasira, hasira ya kweli. Kwenye sehemu ya chanzo akaandika: Kasiano Mbelwa, Katibu Mkuu. Akakigeuza kitabu ili Sihaba asome. Sihaba akasoma, akaweka kidole pembeni ya jina, hakuligusa kwa kuwa wino ulikuwa mbichi. Kisha akalia, na Bi Mwajabu akamwacha alie, maana haikuwa mvua.

*

Wakati huo Wizara haikulala. Ilizindua Mpango wa Taifa wa Mwavuli, na kila mwanamke aliyetimiza miaka kumi na miwili akapewa mmoja wa bure, wa buluu, wenye picha ya Waziri Tundwe akitabasamu. Walifundishwa kuubeba kazini, sokoni, kisimani na msalani. Wanaume hawakupewa, kwa kuwa utafiti ulionyesha wao hawalowi. Wiki ya pili muuza vitumbua mmoja wa soko la Kitulizo alimtwanga nao mwanamume aliyemshika, ukavunjika mbavu mbili, yaani mbavu za mwavuli. Yule mama alishitakiwa kwa kuujeruhi uso wa Waziri. Aliyemshika aliitwa kama shahidi, akapewa chai.

Bwana Hamza sasa alikuwa akija ofisini kwa Bi Mwajabu kila siku, anatoka jasho. Wizara ilitaka lile ingizo la chumba namba kumi na mbili liandikwe manyunyu, na chanzo kibaki wazi.

"Dada yangu, neno moja tu," alimsihi. "Manyunyu. Nani ataumia?"

"Siku nikiandika manyunyu penye gharika, Hamza, mtu atasikia redioni, atavuka mto na mtoto mgongoni. Wewe utakuwa wapi siku hiyo?"

Jibu Bwana Hamza alilijua, nalo ni kwamba asingekuwepo.

Baada ya hapo Bi Mwajabu alifanya kile ambacho mpimaji yeyote hufanya akipata takwimu nyingi: alikaa akazipanga. Alisoma majalada yote mia tisa, moja moja, siku kumi na moja. Kuna aliyoyasoma amesimama, kwa kuwa akikaa alishindwa kupumua. Polisi walikuwa wameyatupa bila mpangilio, lakini yeye aliyapanga kwa mahali na kwa saa, kama anavyopanga mvua za masika. Na kama masika, yakaonyesha mkondo. Majalada ishirini na saba yalitoka ghorofa ya tatu, chumba namba kumi na mbili. Kati ya hayo, ishirini na manne yalikuwa ya Alhamisi, kati ya saa nne na saa tano, baada ya chai.

Sasa, Shwarini wana sheria ya zamani, Sheria ya Tahadhari, iliyotungwa baada ya mafuriko ya mababu. Inasema mpimaji anayeona dalili za maafa akanyamaza ana hatia sawa na maafa yenyewe. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Bi Mwajabu alitazama saa ya ukutani, akachukua karatasi yake, akaenda redioni.

*

"Taarifa ya hali ya hewa kwa saa ishirini na nne zijazo," alisoma, kwa sauti ile ile. "Nyanda za juu, mawingu kiasi na vipindi vya jua. Mikoa ya pwani, upepo wa wastani kutoka kusini mashariki. Makao makuu ya Wizara ya Maadili, Utulivu na Lugha Nzuri, ghorofa ya tatu, chumba namba kumi na mbili: kesho Alhamisi, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, baada ya chai, kunatarajiwa kubakwa mfanyakazi mmoja wa kike. Chanzo ni Katibu Mkuu, Bwana Kasiano Mbelwa, ambaye amedumu katika eneo hilo kwa miaka sita bila kusogea. Uwezekano ni asilimia themanini na tisa. Wananchi wachukue tahadhari. Kina cha maji mtoni ni cha kawaida."

Fundi mitambo hakukata matangazo. Katika historia ya Shwarini hakuna aliyewahi kuikata taarifa ya hali ya hewa, na yeye hakujua kitufe chake ni kipi.

Kauli za serikali hutekelezwa, kama tulivyosema, na taarifa ile ilikuwa ya serikali. Kesho yake alfajiri Kamati ya Maafa ilifika Wizarani ikapanga mifuko ya mchanga mbele ya chumba namba kumi na mbili. Ikafunga utepe mwekundu kwenye ngazi, na kwa kuwa kanuni zinataka hivyo, ikapandisha mtumbwi mmoja wa uokoaji hadi ghorofa ya tatu. Wanawake wote waliondolewa katika jengo: makarani, wahasibu, wafagiaji, na mama wa chai na birika lake. Wakasimama ng'ambo ya barabara, wametulia, wanatazama dirisha moja. Bwana Mbelwa alibaki peke yake juu. Alitaka kujipikia chai, akagundua kwamba baada ya miaka sita hajui sukari inakaa wapi.

Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Hakuna kilichotokea. Gazeti la serikali likaandika kwa herufi kubwa: UTABIRI WA BI MWAJABU WAFELI. Yeye mwenyewe alikubali. Alifungua kitabu chake, akaandika kwa wino: "Utabiri haukutimia. Sababu: safari hii watu walionywa." Halafu akafunga kitabu, na kwa mara ya kwanza tangu malori yale yafike, akala chakula chake cha mchana chote.

*

Ijumaa walikuja wote wawili, Waziri Tundwe mbele na Bwana Mbelwa nyuma, na Bwana Hamza mlangoni akitafuta namna ya kuwa mahali pengine. Sihaba alikuwa ndani, alikuja kumshukuru Bi Mwajabu. Alipoona nani ameingia alisimama, akashika kiti. Bi Mwajabu alimwambia aketi tu, hapa si kwao.

Waziri alianza kwa upole. Alisema serikali inaheshimu sayansi, ila kuna mahali sayansi imeteleza. Alitaka tangazo la kusahihisha lisomwe siku hiyo hiyo, liseme chumba namba kumi na mbili hakuna mvua, haijawahi kunyesha, na Katibu Mkuu si wingu.

"Hilo linawezekana, Mheshimiwa," Bi Mwajabu alisema. "Taratibu zipo. Taarifa ya mpimaji huondolewa endapo itathibitishwa kwamba kilichotokea si hali ya hewa, bali ni kitendo cha mtu. Hapo jalada linatoka kwangu, linarudi polisi." Akavuta droo, akatoa karatasi moja iliyochakaa. "Mhusika anasaini hapa. Anaandika: naapa kwamba haikuwa mvua, ni mimi."

Bwana Mbelwa alitoa kalamu yake ya dhahabu, kwa mazoea ya mtu anayesaini vitu siku nzima, akaisogeza hadi kwenye mstari, akasoma. Akaisoma tena. Kalamu ikarudi mfukoni.

"Unacheza na serikali, mama," Waziri alisema.

"Mimi ni mpimaji tu. Mheshimiwa, wewe mwenyewe ndiwe uliyeleta majalada haya kwangu. Chagua moja, nami nitaliandika. Ama ni mvua, ama ni mtu."

Bwana Mbelwa alimtazama Sihaba, mara ya kwanza tangu aingie. Labda alidhani binti atatazama chini. Sihaba alimtazama hivyo hivyo, asikwepe, hadi yule mwanamume akasema kuna joto humu ndani, akatoka.

*

Jumanne iliyofuata Mheshimiwa Tundwe alisimama bungeni. Alisema Wizara imefanya utafiti wa kina, wa siku tatu, na imebaini kwamba mambo haya si mvua kamwe. Wanaoeneza kwamba ni mvua wana ajenda. Mambo haya ni kama tetemeko la ardhi. Nalo tetemeko, kila msomi anajua, halitabiriki, na hakuna mpimaji mwenye mamlaka ya kulitangaza redioni kabla ya wakati. Wakapiga meza dakika kumi na nne. Malori yakaja, yakabeba majalada kwenda Ofisi ya Matetemeko, na kitabu cha turubai kikabebwa pamoja nayo. Bi Mwajabu akapewa barua ya uhamisho, kwenda kupima umande katika kituo kilichoko jangwani. Alipewa siku saba za kujiandaa.

Siku ya kwanza kati ya hizo alimsindikiza Sihaba. Njiani binti alisema amechoka, hii itakuwa mara ya tano, na kila anaposimulia anatoka na kipande chake kimepungua. Bi Mwajabu alimshika mkono, wakapanda ngazi.

Ofisi ya Matetemeko ilikuwa na afisa mmoja, Bwana Yoramu Kisenge, mtu mpole mwenye fulana ya sweta, aliyeajiriwa miaka kumi na minane nyuma na hajapata hata tetemeko moja. Majalada yalimfurahisha, hadi alipoyasoma. Sasa alikuwa ameketi mbele ya ramani ya mji, macho mekundu, penseli zake zote zimechongwa. Alimwambia Sihaba waziwazi kwamba yeye hajui kuuliza mambo ya miavuli, anajua kazi moja tu, kutafuta kitovu.

"Kituo kimoja kikiniambia kimetikiswa, naweza kukibishia," alieleza. "Viwili pia naweza. Vikiwa vitatu, nachora duara kwa kila kimoja, na pale yanapokutana ndipo palipoanzia. Hapo hata Waziri hawezi kupasogeza. Lakini lazima viwe vitatu, dada yangu. Wewe uko mmoja."

Sihaba aligeukia mlangoni, waliposimama wanawake wengine. Walikuwa wamesikia redio, ile ya Jumatano, kila mmoja mahali pake, jikoni, dukani, kitandani, na kila mmoja alikuwa amedhani chumba kile ni siri yake peke yake. Foleni ilijaza ukumbi na kushuka ngazi hadi barabarani. Mbele kabisa alisimama mama wa chai, mtu mzima, bila birika.

Sihaba akasimulia kwa mara ya tano. Bwana Yoramu akachora duara. Akasimulia mama wa chai, likachorwa la pili. Wa tatu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, aliyeacha kazi zamani, na sauti yake ilikatika mara mbili. Duara la tatu lilipofunga, Bwana Yoramu alilaza penseli mezani. Yalikuwa yamekutana juu ya jengo la Wizara, nukta moja, nyeusi tii.

"Kwa sayansi yetu vitatu vinatosha," alisema polepole. "Wengine mnaweza kwenda nyumbani, msijisumbue."

Hakuna aliyeondoka. Wa nne alivuta kiti, akaketi, akataja jina lake kamili, na la Katibu Mkuu.